Kamati ya Betri

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi pale Maili Moja, Kibaha, ukasema unataka drili ya chaji ya nyumbani, muuzaji hana haja ya kujua unatoboa nini. Anauliza, "Bosi, nyumbani mnatumia rangi gani?" Makita ni bluu-kijani, DeWalt njano na nyeusi, na Ingco nayo ina rangi yake. Nikajibu sina rangi. Akanihurumia.

Kisha volti. Moja imeandikwa 18V, nyingine 20V, na pembeni kuna boksi lisilo na ukoo linalojitangaza kwa 128V. Hizo mbili za kwanza ni kitu kimoja: ndani mna seli 5 za lithiamu, kila moja volti 3.6, jumla 18. Zikitoka kwenye chaji zinafika 21, basi mwenye haraka ya kuuza anaandika 20. Ili kufikia 128 zingehitajika seli zaidi ya 35, na drili hiyo ungeisukuma kwa toroli.

Nilinunua rangi niliyoipenda, yenye kugonga kama nyundo, maana tofali zetu za saruji hazina adabu kwa drili ya mbao. Kumbe ukinunua drili umeoa, na betri ndiyo ukoo mzima wa mke. Black & Decker walitoa drili isiyo na waya mwaka 1961, na hadi leo, ukiacha kampuni chache zilizoungana, kila mmoja ana mdomo wake wa betri usioingia kwa jirani.

Hayo tuliyathibitisha Kisarawe, kwa mama mkwe, tulipokwenda kufunga bomba la pazia sebuleni. Kutoka Kibaha hadi kule ni mkoa mmoja wa Pwani, lakini mimi na begi langu tulipitia Mbezi, tukapitia Gongo la Mboto, tukapanda Pugu. Tundu la kwanza likatoka safi. La pili, katikati ya ukuta, betri ikakata roho. Chaja iko Kibaha.

"Usijali shem," akasema shemeji yangu mkubwa, akaleta betri yake imejaa. Haikuingia. Mdogo wake naye akaleta ya kwake. Haikuingia. Sebule moja, drili tatu, betri mbili nzima, na kekee yangu imeng'ang'ania ukutani. Kwa nini hawakuleta drili zao zikamalizia? Walileta. Tukaanza kubishana ipi ni bora.

Ubishi ukawa kikao. Baba mdogo, asiyemiliki hata bisibisi, akachukua uenyekiti. Hoja ilikuwa moja: ukoo uchague rangi moja, tuazimane betri na chaja. Hoja hiyo naiunga mkono hadi leo. Kwa matumizi ya nyumbani, chapa bora ni ile ya mtu unayeweza kumgongea mlango usiku. Tatizo kila mmoja alitaka agongewe yeye.

Mama mkwe akamwita fundi wa mtaani. Alikuja na patasi, nyundo na vijiti vya mti mkavu. Akachimba, akapigilia kijiti, akafunga skrubu kwa mkono, pazia likakaa.

"Mwenyekiti," akasema shemeji mdogo, "huyu fundi asihesabiwe. Hana betri."

Mwenyekiti akakubali, tukaendelea.