Kamera Isife Kabla ya Harusi: Mwongozo kwa Wapiga Picha wa Uvira

Sheria ya kwanza: usisasishe femuwea ya kamera Ijumaa jioni. Kama Jumamosi una sherehe ya dote Mulongwe na harusi Kalundu, iache femuwea ilale. Chagua Jumatatu, siku ambayo hakuna shangazi wa bibi harusi atakayekupigia simu.

Femuwea ni programu inayokaa ndani ya kamera. Ndiyo inayopima mwanga, ndiyo inayoiamuru lenzi ilenge jicho la bibi harusi badala ya maua ya plastiki yaliyo nyuma yake. Kampuni ikitoa toleo jipya, soma kwanza limebadilisha nini. Mengine hurekebisha neno lililokosewa katika menyu ya lugha usiyoijua. Hayo yapite tu. Mengine ni zawadi kamili: mwaka 2012 wenye Canon 7D walipata toleo la 2.0, na kamera ileile iliyokuwa ikichoka baada ya picha 15 za RAW mfululizo ikafika 25.

Pakua faili kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. La kutumiwa na rafiki kwa WhatsApp, mshukuru na ulifute. Hakikisha jina la kamera: iliyokuja mtumba kutoka Japani ikiwa imeandikwa Kiss X7i ni 700D. Mtandao wetu hukatika njiani, kwa hiyo linganisha ukubwa wa faili na ule ulioandikwa kwenye tovuti. Faili nusu ni hatari kuliko kukosa faili.

Kisha hamisha picha zote za wateja kutoka kwenye kadi. Zote! Ndipo uifomati kadi ndani ya kamera, uweke faili la femuwea (kwa Canon huishia na .FIR) nje ya folda yoyote. Ukilificha ndani ya DCIM, kamera haitaliona, nawe utailaumu bure.

Sasa betri, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanaogopa umeme wa Ruzizi usikatike katikati ya kazi. Ukatike! Kamera inakula betri yake, haijui habari za SNEL. Cha kuogopa ni betri iliyochajiwa nusu kabla ya giza kuingia, au ile ya bei rahisi inayoonyesha imejaa kumbe imebaki na pumzi mbili. Tumia ya asili, iliyojaa.

Weka kamera kwenye P, nenda kwenye menyu yenye alama ya spana, ukurasa wa mwisho, chagua Firmware, ukubali. Baada ya hapo mikono nyuma. Usizime, usifungue mlango wa kadi, usimpe mtoto aangalie. Programu ikikatwa inapojiandika, kamera huweza isiwake tena, na fundi wa kuirudishia uhai si wa kumkuta kila mtaa.

Ikimaliza, hakiki namba ya toleo, tazama tarehe na saa, fomati kadi tena. Halafu rekodi video ya dakika chache na uisikilize kwa makini. Machi 2010 Canon ilitoa toleo la 2.0.3 la 5D Mark II, ikaliondoa kwa sababu ya kasoro ya sauti, kisha ikaleta 2.0.4. Kwa hiyo sikiliza Jumatatu hiyohiyo, ukingali na siku za kusubiri marekebisho kabla kwaya haijasimama kuimba.