Mti Huu Utaangukia Wapi?

Mkaratusi wa kwanza ulilalia jiko. Wa pili ulizoa nyaya za stima ukaenda nazo hadi barabarani. Wa tatu, ambao ndio mkubwa kuliko yote, uliinama juu ya tangi la maji ukakaa vivyo hivyo, mizizi ya upande mmoja ikiwa nje.

Ilikuwa mwezi wa nne, mahindi ndiyo kwanza yanachomoza. Huku kwetu Ziwa, Uasin Gishu, mvua za mwanzo wa msimu hutanguliwa na upepo, na mara nyingi huja na mawe. Mawe yakianza kupiga mabati humsikii hata mtu uliyeketi naye, ndiyo maana hakuna aliyesikia miti ikivunjika. Kogo, mama wa mume wangu, alikuwa ametoka jikoni muda mfupi tu kabla ya hapo kwenda kufungia ndama. Tulimshukuru Mungu usiku ule, tukamshukuru tena Jumapili kanisani, na mimi sijamaliza.

Ule ulioinama ulitafutiwa fundi wa pawa so. Alituhakikishia kwamba utalala shambani. Jirani akaleta trekta, kamba ikafungwa juu kabisa, watoto wakapelekwa kwa shangazi yao. Msumeno ukanguruma, trekta likavuta, kamba ikakatika. Mti ukajizungusha juu ya kisiki na kuangukia choo, na ua wote wa upande ule ukalala chini pamoja nacho. Jioni hiyo ng'ombe wa barabarani walipitia kwenye pengo wakaingia kwenye mahindi, na tulipowatoa ilikuwa giza na matope yamefika magotini.

Siku zilizofuata nilikagua visiki kimoja kimoja, kwa sababu sikutaka tupande miti mingine kabla ya kujua ile ilianguka kwa nini. Sababu zilionekana wazi. Upande wa nyumba, mizizi ilikuwa imekatwa moja kwa moja, pale mafundi wa bomba la maji walipopitisha mtaro miaka ya nyuma. Mti uliokatwa mizizi upande mmoja husimama vizuri siku za jua. Udongo ukilowa na upepo ukaja, hauna cha kushikilia. Mkaratusi mwingine uliwahi kufyekwa kileleni ili usiguse nyaya, ukachipua mashina matatu mapya. Machipukizi ya namna hiyo hushikamana na tabaka za nje tu za shina, hayaingii ndani sana. Nilipoweka kiganja pale yalipong'oka nilikuta pamesawazika kabisa, hapakuwa na nyuzi za mti zilizoshikana.

Lakini kuna swali lililotangulia hayo yote, nalo ni mikaratusi ilifikaje mlangoni pa jiko. Sehemu kubwa ya uwanda huu wa Uasin Gishu ilikuwa nyasi tupu. Makaburu waliokuja mwaka 1908 na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walikuta mbuga. Walowezi ndio waliopanda mikaratusi na miwati, na magome ya mwati yakawa biashara kubwa ya kampuni ya EATEC mjini Eldoret, yakitoa tanini ya kutengenezea ngozi. Wazee wetu waliponunua mashamba walirithi na fikra hiyo: mti ni nguzo, mbao, kuni na karo ya shule. Siidharau. Watoto wengi wa Ziwa wamesomeshwa na mikaratusi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza iondolewe kandokando ya mito kwa sababu ya kiu yake ya maji. Natamani siku hiyo mtu angeisemea na iliyo kandokando ya vitanda vyetu.

Basi ukaja mjadala wa nini kipandwe, uliodumu chai baada ya chai. Mume wangu alitaka grevilea: hukua haraka, mahindi hustahimili chini yake, na mbao zake zina soko. Yote kweli. Ila matawi yake ni mepesi kuvunjika, na mimi nilikuwa nimeokota matawi ya kutosha juu ya mabati. Shemeji akapendekeza saiprasi, zipandwe mstari ziwe ua na kivuli kwa pamoja. Kogo akaweka kikombe chini.

"Wewe ulikuwa mdogo," akamwambia. "Ua wa saiprasi ulikauka hapa mpaka mlangoni."

Alikuwa anakumbuka vidukari vya saiprasi, wadudu walioonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990. Nyua za kijani zilizotunzwa miaka na miaka zikageuka rangi ya kutu boma baada ya boma. Shemeji hakurudia pendekezo lake.

Kifungua mimba wetu alitaka mparachichi, na kila mtu akakubali, kwa masharti: uwe wa mbegu, ule unaopanuka, kwa kuwa ule wa kupandikizwa hubaki mfupi na kivuli chake kinawatosha kuku. Kogo alitaja tebesuet, aina ya krotoni, na samutet. Samutet ndio mringaringa, wenye maua meupe yanayopendwa na nyuki na majani mapana yanayotoa kivuli kizito. Mimi nikaongeza krotoni ile kubwa, inayotandaza matawi kwa ngazi, kwa sababu ni ya huku kwetu, inakua upesi, na mbuzi hawaitaki.

Hapo niliweka sharti langu, nalo nitalitetea popote: kabla ya jembe kugusa udongo, kila mti uulizwe utaangukia wapi siku ukianguka. Grevilea ikapelekwa mpaka wa shamba. Karibu na nyumba ikabaki miti yenye mataji mapana, na upande wa magharibi ndio ukapewa kipaumbele. Tuko chini ya nyuzi moja kaskazini ya ikweta. Jua la saa sita liko karibu na utosini mwaka mzima na paa linatosha kulizuia. Linalotuchoma ni la saa tisa na saa kumi, linaloingia hadi ndani ya jiko.

Miche tuliinunua kando ya barabara ya Eldoret, tukishapita Chuo Kikuu cha Eldoret. Muuzaji alitusukumia mirefu, iliyomfika kifuani, bei juu. Nikamwomba ruhusa nipasue karatasi ya mmoja, nikiahidi kuulipia. Mzizi mkuu ulikuwa umejizungusha chini kama kamba ya ndama kwenye kigingi. Mzizi uliojifunga hivyo haujifungui wenyewe ukishaingia ardhini. Mti hunenepa juu huku chini ukiwa haujashika, na upepo huja kuukuta hivyo. Tukachukua ile mifupi ambayo watu wameiacha, yenye mizizi midogo myeupe inayochungulia pembeni.

Tulipoipanda, ua ulikuwa bado una pengo. Mbuzi wa jirani wakaja alfajiri wakala miringaringa yote hadi kwenye vijiti, na mparachichi ukakanyagwa. Krotoni hazikuguswa hata jani. Kogo alizunguka kila shimo, akarudi kimya, kisha akamwita mume wangu na kumwambia kwamba leo hakuna kazi nyingine ila ua. Ulikamilika kabla ya giza kuingia, kwa mbao za mikaratusi ile ile iliyotuangukia. Miringaringa miwili ikachipua tena. Mingine tukaipanda upya.

Limebaki la jirani mwenyewe, na ndilo linaloninyima usingizi upepo ukivuma. Mikaratusi yake iko mpakani, nyuma ya jiko jipya. Kuipima ni rahisi: shika kijiti kilicho sawa na urefu wa mkono wako kutoka jichoni hadi ngumini, kisimamishe wima mkono ukiwa umenyooka, urudi nyuma mpaka kijiti kiufunike mti wote, chini hadi kileleni. Umbali kutoka miguu yako hadi shinani ndio urefu wa mti. Nilifanya hivyo mbele yake, kijiti mkononi, na nikajikuta nimesimama ng'ambo ya jiko, karibu na dirisha la watoto. Akaniomba kijiti, akapima mwenyewe, akafika pale pale. Amekubali miwili iliyo karibu ikatwe baada ya mavuno ya mahindi, trekta lipate njia ya kupita. Shemeji ameagizwa atafute kamba ya chuma.