Muhuri Aliyesoma Mfukoni

Ofisi ya mtendaji wa kijiji kimoja katika kata ya Itaka, wilayani Mbozi. Msimu wa kahawa umepamba moto. Mlango umefungwa, mwenye ufunguo kaenda Vwawa, makao makuu ya wilaya. Juu ya meza yupo MUHURI, aliyesahauliwa kwa sababu bosi leo kavaa suti mpya. Kando yake TASNIFU ya shahada ya uzamili ya utawala wa umma, jalada jeusi, maandishi ya dhahabu. Chini ya meza KUKU, mguu kwenye kamba.

TASNIFU: Sogea kidogo, unanichafua na wino.

MUHURI: Shikamoo kwanza, bwana mdogo.

TASNIFU: Shikamoo.

MUHURI: Marahaba. Haya, sasa sogea wewe.

TASNIFU: Inaonekana hunijui. Fani yetu hapa nchini ina ukoo. Mwaka 1953, pale Mzumbe, Mwingereza alifungua shule ya serikali za mitaa, wakafundishwa machifu na...

MUHURI: Na watumishi wao na madiwani. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, 2001 chuo kikuu. Umesahau kichekesho chake: mwaka huohuo wa 1972 ulikuja mpango wa Madaraka Mikoani, kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Kimarekani, halmashauri zikavunjwa. Chuo kinapanda cheo, serikali za mitaa zinafutwa! Za wilaya zikasubiri sheria za 1982 ndipo zifufuke.

TASNIFU: Hayo yamo sura yangu ya kwanza! Nani kakusomea?

MUHURI: Nilikuwepo darasani. Kila Ijumaa tulipanda basi kwenda kampasi ya chuo hicho Mbeya, mimi na bosi, nikiwa mfuko wa ndani wa koti lake. Weber na urasimu wake, Thatcher na kubana matumizi ya serikali, yote nimeyasikia gizani, nimebanana na noti za elfu mbili na risiti ya chipsi.

KUKU: Kumbe! Kumbe ndiyo maana!

TASNIFU: Huyu naye nani?

KUKU: Mimi ni wa mama mmoja mkulima. Hela yake ya kahawa inapitia benki, benki inataka barua ya utambulisho, barua inataka muhuri. Kaja Ijumaa, muhuri umesafiri. Kaja Jumatatu, kaambiwa mtendaji yuko kwenye data. Safari ya tatu ndiyo akanibeba.

TASNIFU: Hiyo ndiyo mada yangu hasa! "Vyanzo vya Ucheleweshaji wa Huduma katika Ofisi za Vijiji." Mama yako tulimpa dodoso.

KUKU: Tulipewa, nilikuwa kwapani. "Je, unaridhika na upatikanaji wa mtendaji wako?" Na aliyeshika kalamu, anasubiri jibu, ni mtendaji mwenyewe. Barua bado hajaipata. Angesemaje?

MUHURI: "Nakubali sana."

TASNIFU: Wote walikubali sana. Jedwali la nne lilitoka safi, msimamizi akalisifia.

MUHURI: Na chanzo cha ucheleweshaji ulikiona?

TASNIFU: Uhaba wa vitendea kazi.

MUHURI: Kitendea kazi chenyewe si ndiye mimi? Nilikuwa Mbeya, nahudhuria kipindi cha maadili ya utumishi!

TASNIFU: Pamoja na mwamko mdogo wa wananchi.

KUKU: Mwamko! Mama kaamka saa kumi usiku, umande mpaka magotini!

MUHURI: Nisiwaonee walimu lakini. Mhadhiri mmoja, mama mkali, aliwaambia wanafunzi wake: utawala wa umma ni foleni iliyoko mlangoni kwako. Bosi wetu akaandika, akapigia mstari mara mbili. Swali likaja kwenye mtihani, akalipata lote.

TASNIFU: Mapendekezo yangu ni mazito. Mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila miezi mitatu, wananchi wasomewe mapato na matumizi.

KUKU: Hapo niulize. Mimi nitasomwa wapi? Kwenye mapato au kwenye matumizi?

TASNIFU: Kwenye mapitio ya maandiko sikukutana na kuku.

MUHURI: Utaitwa hela ya wino, mwanangu. Wino huo nami sijauona. Kavu hivi, nikigonga barua yasomeka nusu ya jina la kijiji.

KUKU: Na mtendaji kaenda kufanya nini Vwawa?

TASNIFU: Kupeleka nakala yangu nyingine. Anaomba kubadilishiwa kada. Utendaji wa kijiji tangazo lake huita watu wa kidato cha nne wenye cheti, kama cha Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo. Mtu mwenye mimi hakai hapa.

MUHURI: Yaani alisomea ofisi ya kijiji ili aihame?

TASNIFU: Hujasoma sura ya tano.

MUHURI: Nani kaisoma?

TASNIFU: Msimamizi. Na mtahini... nadhani. Imeandikwa "utafiti zaidi ufanyike". Wilaya ikichelewa kumjibu, atasoma uzamivu. Fomu keshajaza.

KUKU: Utafiti huo utafanyikia wapi?

TASNIFU: Hapahapa. Mada ni ileile, sampuli itaongezwa.

KUKU: Miaka mingapi?

TASNIFU: Mitatu, akiwahi.

KUKU: Basi nilegezeeni kamba nikatage. Na mama akija kuulizia barua yake, mwambieni alete dodoso jingine, safari hii ajaze nyumbani.