Hewa Yenye Vigae

Mke wangu, Mama Kevin, amechoka kupanga hapa Kolwezi, na ana haki. Kobalti ikipanda bei huko London, mwenye nyumba wetu hupanda nayo; ikishuka, yeye hubaki kulekule juu akipunga upepo. Mwaka 2018, tani moja ilipokaribia dola 95,000, alitujia na kalamu mkononi. Mwaka uliofuata bei ikawa imeanguka chini ya nusu. Nilimkumbusha kwa adabu, akaniuliza kama mimi ni mpangaji wake au mpangaji wa London. Februari 2025 serikali iliposimamisha kobalti isitoke nchini, nilidhani zamu yangu imefika. Alinijibu kwamba biashara imekuwa ngumu kwa kila mtu, naye ni mtu, kwa hiyo niongeze kidogo.

Garanti ndiyo usiseme. Sheria ya mwisho wa mwaka 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Wenye nyumba wa Kolwezi wameipokea kwa mikono miwili: hiyo mitatu ni ya sheria, iliyobaki ni ya kwao.

Basi Mama Kevin akasema tununue. Si kiwanja huko mbali njia ya Likasi, maana huko utajenga ukuta mwaka huu, msingi mwaka ujao, na paa watakujengea wajukuu. Apartema, mjini kabisa, palepale kwenye lami. Mji huu kampuni ya madini ya Union Minière iliupanga mwaka 1937 ukiwa wa nyumba za chini, kila moja na mwembe wake. Tangu uwe makao makuu ya mkoa wa Lualaba mwaka 2015, umeanza kuota etaji. Tukatafuta komisyonere, yaani dalali wa nyumba. Alifika na viatu vyenye ncha ndefu na simu mbili, akadai kwanza pesa ya kuonyesha nyumba, ambayo hairudi hata nyumba ikikuchukiza.

Kosa la kwanza, na hili si langu, ni kwamba habari ilimfikia mama mkwe. Kosa la pili ni kwamba yeye alimwambia mjomba. Mjomba ni mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines, na kwa miaka mingi aliwabebea wanajiolojia mifuko ya mawe. Tangu hapo haingii nyumba ya mtu bila kutazama chini. Tukaenda wote, komisyonere mbele, sisi nyuma, watoto wakiwa wamekatazwa kuja na wamekuja.

Lifti ilikuwepo. Ilikuwa nzuri, ina kioo, ina vitufe vinavyong'aa, na ilikuwa imelala. Mtu akitaka kuielewa nchi hii asimame mbele ya lifti hiyo. Mto Lualaba uko hapa karibu, na mabwawa ya Nzilo na Nseke yamesimama juu yake tangu miaka ya 1950. Tangu miaka ya 1980 kuna waya uliotoka bwawa la Inga, karibu kilomita 1,700, ukavuka misitu na vijiji vyenye giza, ukaja kuishia hapahapa Kolwezi. Umeme ukatembea safari yote hiyo, kisha ukashindwa kupanda orofa tatu.

Tukapanda kwa miguu. Kwenye kona ya ngazi, kati ya orofa ya kwanza na ya pili, mama mkwe alisimama. Tulidhani anapumzika. Alifungua kitenge chake cha juu, akakinyoosha kutoka ukutani mpaka kwenye reli ya ngazi, akapima kwa mkono, akapima tena kwa kukilaza upande.

"Haipite," akasema.

"Nini haipite, Mama?" akauliza komisyonere, akidhani ni kabati.

"Sanduku. Mutu akifa pale juu, mutamushusha namna gani? Mutamusimamisha?"

Komisyonere alitazama simu ya kwanza, kisha ya pili. Hakuna iliyokuwa na jibu.

"Na kilio tutafanya wapi? Hema utaiweka mu saluni?"

Nataka kumtetea mama mkwe hapa, kwa sababu tulicheka na hatukupaswa. Kwetu nyumba haihesabiwi kwa vyumba, inahesabiwa kwa viti vya plastiki. Msiba ukifika, watu watalala uani siku kadhaa, masufuria ya bukari yatapikwa nje, wanaume watakaa kandokando ya moto wakijadili siasa za Kinshasa. Apartema ya orofa ya tatu ina balkoni inayotosha viti viwili na ndoo ya kufulia. Karatasi ya muuzaji ilikuwa na mita za mraba za kila kitu mpaka za choo, lakini watu wangapi wanaweza kulia mle kwa pamoja haikusema.

Karatasi hiyo ilikuwa na ukurasa wa nyuma, na huo ndio uliomnyamazisha mke wangu. Kila mwezi: mlinzi, usafi, pampu ya kisima, mazuti ya jenereta, na lifti. Lifti inalipiwa ikitembea na isipotembea. Niliuliza kwa nini. Komisyonere akaeleza kwa upole kwamba isipotembea ndipo inapohitaji fundi. Pampu nayo ilitufundisha hesabu: jenereta ikilala, pampu hailali peke yake, inalala na bomba lako, na kila bidoni ya lita 20 utaipandisha wewe. Halafu kuna kinu. Sombe hutwangwa kwenye udongo, na udongo hauna masikio. Ukitwanga juu ya dari ya mtu saa kumi na moja jioni, atakuja kugonga mlango. Na kama ni mkubwa wa kampuni fulani, atakuja na mlinzi uliyemlipia mwenyewe.

Tukiwa bado sebuleni, mgodi mmoja wa karibu ulifyatua baruti zake za mchana. Madirisha yakatetemeka. Komisyonere akakohoa kwa nguvu, kama kwamba ni yeye.

"Na chini, nani mwenyewe?" akauliza mjomba.

Hilo ndilo swali la Kolwezi, na kila mtu hapa anajua linatoka wapi. Mwaka 2014, kule mtaa wa Kasulo, mtu alikuwa akichimba shimo kwenye kiwanja chake akakuta kobalti. Habari hazikulala. Watu wakachimba uani, wakachimba sebuleni, wakaingia chini ya kitanda cha jirani kwa upande wa pili, mpaka mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na wenyeji wakalipwa wahame. Na kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ni ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia. Kilicho chini ya ardhi ni cha Serikali vilevile. Nikajumlisha: udongo si wangu, madini si yangu, na orofa iliyo chini yangu ni ya daktari wa meno. Mimi nauziwa hewa yenye vigae.

Mama Kevin, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, akanivuta balkoni. Yeye alishapiga hesabu yake, na haikuwa kwenye karatasi ya mtu. Tangu migodi ipate moto, ndugu wanatushukia kutoka Kamina, kutoka Bukama, kutoka Kasaï, kila mmoja "anatafuta kazi kidogo". Ukiwa na uwanja huwezi kukataa. Mkeka unatosha popote. Hapa kuna vyumba viwili, na orofa tatu za ngazi bila lifti. "Hakuna mutu tutafukuza," akaninong'oneza. "Nyumba yenyewe itakataa." Nikaona thamani ya apartema kwa mara ya kwanza.

Tukarudi na dola za kushikia nafasi. Muuzaji alizitazama moja moja juani, akarudisha zile alizotuchangia mama mkwe: moja ina mpasuko usiofika ukubwa wa ukucha, nyingine ina kichwa kidogo cha zamani. Zilikuwa zimelala miaka mingi ndani ya kopo la maziwa, na mama mkwe akachukua jambo hilo kama tusi kwa kopo.

Nafasi ikatuponyoka, lakini komisyonere hakukata tamaa. Wiki ile ile alituita kuona apartema nyingine, jengo lile lile, lakini orofa ya chini kabisa, na nyuma ina kipande cha ua. Bei yake ilikuwa ndogo kidogo. Mama mkwe akakipima kile kipande kwa hatua, akasema hema la viti thelathini linaingia. Kinu kikapata mahali. Mke wangu alinuna, maana mikeka nayo ilikuwa imepata mahali. Nilikuwa nimeshatoa kalamu.

Mjomba alikuwa amechuchumaa pembeni, karibu na ukuta. Aliokota jiwe, akalitemea mate, akalisugua kwa kidole gumba na kuligeuza juani mpaka likatoa rangi ya kijani. Hakusema kitu. Akalitia mfukoni tu, polepole, akijipangusa mikono.

Komisyonere aliona. Jioni simu ililia: bei imepanda.