Bleu, Poil na Kindi

Kijana wa mji wa Baraka, huko Fizi, anayekwenda chuo kikuu hufunga ndagala, godoro na diploma yake ya sekondari. Kamusi anaisahau, kumbe mtihani wa kwanza ni wa msamiati. Akifika tu, jina lake linawekwa kando: yeye ni “bleu”, yaani mwanafunzi mpya.

Msamiati huo una ukoo. Huko Lovanium, chuo kilichofunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville kwa mkono wa chuo kikuu cha Louvain cha Ubelgiji, bleu alifedheheshwa na “poil”, yaani mwenye manyoya, mwanafunzi aliyemtangulia, hata kama kidevu cha mheshimiwa huyo kilikuwa laini kama yai. Kwingineko, wanafunzi Wamarekani weusi wa chama cha Alpha Phi Alpha walikuwa wamechukua herufi za Kigiriki tangu 1906. Angalau hizo zinapendeza kwenye fulana.

Sasa tazameni kalenda. Mwaka 1948, miaka sita tu kabla ya Lovanium, serikali ya Kibelgiji ilipiga marufuku bwami, chama cha Walega wa mashariki mwa Kongo ambacho Wabembe wa Fizi nao wanacho. Kina ngazi, siri na kofia zake. Kwa Walega, kileleni hukaa mwenye cheo cha kindi, na hafiki huko bila mali, ukoo wa kumsimamia na mwenendo mzuri.

Mbelgiji alipiga marufuku chama kilichodai adabu, akaleta hiki cha bleu na poil, kinachodai makelele.