Sifa za "Kanunue Nje"

Tiba nchini mwetu ina mengi ya kujivunia, lakini sioni lililo tukufu kuliko jibu la dirisha la dawa katika hospitali ya umma: hakuna, kanunue nje. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza mwaka 1993, mwaka uleule sheria ilipoiunda Bohari ya Dawa, na tangu hapo jibu hili limelea kizazi kizima. Hakuna msomaji wa Tabora ambaye hajalipokea akiwa na mgonjwa begani.

Kwanza, kila mtu amebaki na kazi yake. Daktari anaandika wala hauzi. Muuzaji anauza wala hapimi. Na mgonjwa, ambaye zamani alikaa bure kwenye benchi, ndiye kiungo baina yao. Homa ya nyuzijoto 39 haimzuii. Anatoka getini, anapita chini ya miembe, anauliza duka la kwanza, la pili, mpaka kule stendi, huku jasho likimtiririka, na jasho, wazee walishasema, ni nusu ya kupona. Mwenye bima naye hakusahauliwa: kadi anaionyesha dirishani, fedha anazitoa dukani.

Mji wetu unastahili heshima hii. Msafara wa Bagamoyo kwenda Ujiji ulipita hapa, na hapa Kwihara, mwaka 1872, Livingstone, ambaye sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa miaka mitano kabla, alikaa miezi akisubiri wapagazi kutoka pwani. Sisi, wajukuu wa Wanyamwezi waliobeba pembe hadi baharini, hatumsubiri mtu. Kila mgonjwa amekabidhiwa upagazi wake, bila ubaguzi wa umri.

Tena duka linaelimisha. Nimemwona mama akimwaga noti na sarafu juu ya kaunta. Muuzaji akazihesabu mara mbili, akachukua mkasi, akakata vidonge vya siku mbili kutoka dozi ya siku tano. Mama akaelewa papo hapo. Hesabu ya kugawanya iliyomshinda mwalimu wa darasa la nne, mkasi uliimaliza kwa mkato mmoja.

Na aliyeandikiwa sindano ndiye mwenye bahati zaidi, kwani sharti azirudishe wodini apigwe. Akifika, zamu imebadilika, na muuguzi mpya anadai cheti, ambacho kimebaki dukani. Basi safari nyingine anaipata bila hata kuiomba.