Kope Imetangulia Sokoni

Hongera, shoga yangu wa Izia, hapa Sumbawanga. Nasikia umeanza kujipamba, tena umeanzia penye ugumu: kope za bandia. Upepo wa Ufipa wa mwezi wa saba, huku juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hauheshimu gundi ya bei poa. Unashuka kwenye bodaboda kope moja iko shavuni, nyingine imeshatangulia sokoni.

Poda nayo umeirundika juu ya ngozi iliyopauka, ikashika mabakamabaka kama chokaa kwenye ukuta wa tope. Ungenawa tu, ukapaka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na majimaji. Lakini wapi! Mafuta ya mgando ni ya watoto wa shule, wewe ni mrembo.

Na huyo anayekuuzia kikopo kisicho na lebo, eti utatakata ndani ya wiki, mtazame viungo vya vidole: uso wa mzungu, mikono ya kwao. Zebaki na haidrokwinoni ni marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 kazi ya kuvikagua iko kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Yeye dukani kwake hajafikiwa na habari. Jua la mwinuko huu likikuta ngozi iliyochubuliwa, halibembelezi.

Wanja sawa, umekukaa. Ila penseli hiyohiyo mmepokezana saluni nzima, kesho yake wote macho mekundu, mnaulizana nani kawaroga. Sumbawanga bwana, hata tongotongo lina mganga wake.